Super Mario Bros. ilitengenezwa na watu wangapi, na waligawanaje kazi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Tuko vijana wanne wa chuo hapa Tanga. Wawili tunajua programu, mmoja anachora, mmoja anapiga kinanda kanisani. Tunataka kutengeneza gemu, lakini mwalimu wetu anasema hiyo ni kazi ya makampuni yenye mamia ya watu, tusipoteze muda. Nikamwambia Super Mario ya zamani ilitengenezwa na mtu mmoja, Miyamoto. Akacheka. Nani yuko sahihi? Na kama walikuwa wachache, waligawanaje kazi? Sisi hata hatujaanza, tayari tunavutana jina la nani litangulie.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mwalimu wako alikuwa na haki ya kucheka, ila sababu yake siyo.

Super Mario Bros. ilitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985, kwa ajili ya mashine ya Nintendo iliyoitwa Family Computer. Haikuwa kazi ya mtu mmoja, na wala haikuwa kazi ya mamia. Wahusika wenyewe wanapoisimulia, majina yanayorudi kila mara ni matano: Shigeru Miyamoto aliyeongoza, Takashi Tezuka aliyebuni na kuchora pamoja naye, Koji Kondo aliyetunga muziki na sauti, halafu maprograma wawili, Toshihiko Nakago na Kazuaki Morita. Nyuma yao kulikuwa na ofisi nzima ya Nintendo mjini Kyoto, watu wa kujaribu gemu, watu wa kiwandani, watu wa mauzo. Lakini mezani palipokuwa panaamuliwa Mario aruke juu kiasi gani, waliokaa ni wachache hao.

Sasa angalia walikuwa watu wa namna gani, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Miyamoto hakuwa programa. Alisomea usanifu wa bidhaa Kanazawa, akaajiriwa Nintendo mwaka 1977, na alipobuni Donkey Kong mwaka 1981 programu yake iliandikwa na kampuni ya nje, Ikegami Tsushinki. Tezuka na Kondo wote walitoka chuo kimoja cha sanaa cha Osaka, wote wakaingia kazini mwaka 1984. Yaani gemu inatoka, hao wawili wana mwaka mmoja na kidogo kwenye ajira. Nakago na Morita ndio kabisa hawakuwa waajiriwa wa Nintendo. Walikuwa wa SRD, kampuni ndogo ya programu iliyokuwa ikifanya kazi bega kwa bega na Nintendo, na ambayo Nintendo ilikuja kuinunua mwaka 2022, miaka 37 baada ya Mario kukimbia kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo una msanifu asiyejua kuandika programu, wachoraji na wanamuziki wachanga, na maprograma wa kukodi. Ukiisoma hivyo unaweza kufikiri ni muujiza. Si muujiza. Watu hawa walikuwa wameshatengeneza gemu nyingine pamoja, ndogo ndogo, mfululizo, na kila moja iliacha kitu ambacho Mario alikuja kukitumia. Hili ndilo ninalotaka ulibebe kuliko idadi ya vichwa.

Hebu fuatilia. Donkey Kong na Mario Bros. ya 1983 zilichezwa kwenye skrini moja isiyosogea: unaona uwanja wote kwa mara moja, ukimaliza unaletewa mwingine. Mwezi Novemba 1984 wakatoa Excitebike, gemu ya pikipiki, na humo wakajifunza kuifanya picha ya nyuma iteleze bila kukwaruza. Katikati ya 1985 wakatoa Kung Fu, iliyotokana na gemu ya vibandani ya kampuni ya Irem, ambamo mpiganaji mrefu anatembea kwa ubavu na maadui wanamjia pande zote. Kabla ya hapo, mwaka 1984, kulikuwa na Devil World, ambayo ndiyo iliyomfundisha Tezuka kazi. Kobe anayepinduliwa tayari alikuwepo kwenye Mario Bros. ya 1983. Na wakati wanaishona Super Mario Bros., watu hao hao walikuwa wanaandaa The Legend of Zelda, iliyotoka Februari 1986. Zile fimbo za moto zinazozunguka ndani ya ngome, ambazo zimewaua watoto wengi kuliko Bowser mwenyewe, yule adui mkuu, zilibuniwa kwa ajili ya Zelda, zikahamishiwa kwa Mario.

Unaona? Mandhari inayoteleza ilishapatikana. Mhusika mkubwa alishajaribiwa. Kobe alikuwepo. Walipoketi kuanza, sehemu kubwa ya maswali magumu ilikuwa na majibu kabatini. Mwaka 1985 timu nyingine ya watu watano wenye vipaji vile vile, ila ikiwa ndiyo kwanza wanakutana, isingetoa Super Mario Bros. Ingetoa Excitebike, tena kama wangebahatika.

Sasa tuje kwenye kilichowabana, kwa sababu bila kukijua hutaelewa kwa nini waligawana kazi walivyogawana.

Kaseti ya Super Mario Bros. ina kilobaiti 40. Kati ya hizo, 32 ni za programu, ramani za levo (yaani hatua za mchezo) na muziki, na 8 zilizobaki ni za picha. Picha moja unayopiga kwa simu na kuituma WhatsApp huwa inazidi hapo mara nyingi. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ndani ya mashine ilikuwa kilobaiti 2. Prosesa ilikimbia chini ya megahezi 2. Mashine iliweza kuonyesha vipande 64 vya picha zinazotembea kwa wakati mmoja, na kwenye mstari mmoja wa skrini visizidi 8. Vikizidi, vingine vinapotea. Zile mashine za kuiga zenye kaseti moja iliyosheheni magemu, ambazo wengi wetu Afrika Mashariki tulizichomeka nyuma ya televisheni ya sebuleni, zilifuata mpangilio huo huo. Ukikumbuka vitu kumetameta na kukatika maadui wanapojipanga kwenye mstari mmoja, haikuwa kaseti chafu. Ni kizuizi hicho cha vipande vinane.

Picha zenyewe zilikatwa vigae vya pikseli 8 kwa 8. Vigae 256 kwa mandhari, 256 kwa vitu vinavyotembea, basi, hakuna kingine. Mario mdogo peke yake anakula vigae vinne akisimama, vingine akikimbia, vingine akiruka, vingine akiogelea, na bado hujamchora akiwa mkubwa. Ndiyo maana wingu na kichaka kwenye gemu hii ni picha moja. Fungua video yoyote ya levo ya kwanza uangalie: umbo lile lile la mviringo juu limepakwa rangi nyeupe, chini limepakwa kijani. Watu wamelicheza gemu hilo miaka mingi bila kugundua.

Goomba, yule uyoga mwenye nyusi za hasira anayekuja kwanza kabisa, aliingizwa mwishoni. Waliona kwamba kumpa mchezaji mpya kobe kama adui wa kwanza ni ukatili: kobe anataka umkanyage, halafu ushughulike na gamba lake, halafu likurudie. Wakahitaji adui wa kukanyaga mara moja yakaisha. Lakini nafasi ya picha ilikuwa imekwisha. Wakamchora kwa picha moja tu ya kutembea, na mashine ikawa inaigeuza kushoto kulia, kushoto kulia, kama kwenye kioo. Macho yako yanaona miguu inatembea. Hakuna miguu inayotembea.

Hapo umepata mfano halisi wa mgawanyo wa kazi ninaouzungumzia. Uamuzi kwamba adui wa kwanza ni mgumu mno ni wa msanifu. Umbo rahisi linaloweza kugeuzwa bila kuonekana kituko ni la mchoraji. Kujua kwamba mashine inaweza kugeuza picha bure, bila kutumia hata baiti moja ya kigae kipya, ni kwa programa. Kama watatu hao wangekuwa kwenye majengo tofauti wakiandikiana barua, Goomba asingekuwepo.

Levo zilichorwa kwa mkono. Miyamoto na Tezuka walitumia karatasi za grafu, hizi hizi mlizochorea hesabu sekondari, kila kisanduku kikiwa tofali moja. Mabadiliko yakitakiwa, hawakuchana karatasi wala kufuta mpaka itoboke. Waliweka juu yake karatasi nyepesi inayoonyesha ya chini, wakachora sehemu mpya pale pale. Kisha karatasi zikapelekwa kwa maprograma, nao wakazigeuza namba kwa mkono. Jaribu, ona, rudi kwenye karatasi. Hakukuwa na programu ya kuburuta matofali kwa kipanya.

Hizo namba nimekaa nazo muda mrefu, na nadhani ndizo sehemu nzuri kuliko zote za gemu hii, ingawa mchezaji hazioni kamwe. Kila kitu kwenye levo, bomba, mstari wa matofali, shimo, ngazi, kinaandikwa kwa baiti mbili tu, kila baiti ikiwa na biti nane, yaani tarakimu nane za 0 au 1. Nusu ya baiti ya kwanza inasema kitu kiko safu ya ngapi kwenda kulia, kati ya safu 16 za ukurasa mmoja, yaani upana wa skrini moja. Nusu ya pili inasema kiko kimo gani. Kwenye baiti ya pili, biti moja inasema kama tumeingia ukurasa mpya, na saba zilizobaki zinasema ni kitu gani na kina urefu gani. Matofali kumi yaliyopangana hayaandikwi mara kumi. Yanaandikwa mara moja, “matofali, kumi”. Ardhi haiandikwi kabisa. Mwanzo wa levo unataja tu aina ya sakafu, mashine inaitandaza mpaka iambiwe vinginevyo, na shimo ndilo linaloandikwa. Kwa mtindo huo levo nzima ya 1-1, yaani dunia ya kwanza, levo ya kwanza, pamoja na maadui wake, haifikishi baiti 200. Sentensi mbili za jibu hili zinakula nafasi zaidi.

Na bado haikutosha. Gemu ina dunia 8, kila moja levo 4, jumla 32, lakini ukizicheza kwa utulivu utaona nyingine umeshazipita. Levo ya 5-3 ni 1-3, ila umeongezewa risasi kubwa zinazorushwa kukujia. 6-4 ni 1-4 iliyotiwa ukali. 7-2 ni ile ya majini ya 2-2 ikiwa na ngisi wengi zaidi. 5-4 ni 2-4 na 7-3 ni 2-3. Hawakuona aibu. Ramani ile ile, maadui wengine, mchezaji mwenye ujuzi mwingine: tayari ni levo nyingine.

Hata ule utaratibu kwamba ukishapita huwezi kurudi nyuma una uhusiano na ubanaji huu. Kwenye zile kilobaiti 2 za kufanyia kazi, mashine inaweka ramani ya kurasa mbili tu za skrini, kila moja baiti 208. Ukisogea kulia, kilicho nyuma kinaandikwa juu yake na kinachokuja. Tofali ulilovunja halikumbukwi popote. Wao wakalifanya kuwa sheria ya mchezo, mbele tu, na gemu ikapata mwendo ambao pengine isingeupata kama kumbukumbu ingekuwa ya kumwaga.

Nirudi kwenye meza yao, maana ningependa ujue kwamba mpango wa mwanzo haukuwa huu unaoujua. Miyamoto alianza na wazo jepesi: mhusika mkubwa kuliko wale waliozoeleka, anayekwenda ardhini, angani na majini, chini ya anga la buluu, wakati gemu nyingi za siku zile zilikuwa na giza nyuma. Mwanzoni kilichokuwa kinasogea ni mstatili mtupu. Kumweka Mario kulikuja baadaye, Tezuka alipoona kwamba Mario Bros. ya 1983 bado inauzwa vizuri. Kulikuwa pia na mpango Mario apande wingu na kupiga silaha. Kitufe kimoja kikatengewa silaha, kuruka kukawa kwa mshale wa juu. Walipojaribu wakaona gemu ni ya kuruka, mengine yanaisumbua. Silaha ikaondoka, kuruka kukapewa kitufe chake. Wingu lilibaki kidogo tu, kwenye zile sehemu za siri za angani unakopanda kwa mmea na kuokota sarafu.

Nimesikia watu wakilitaja hili kama ushahidi wa akili nyingi za Miyamoto. Mimi naliona kwa upande wa Nakago na Morita. Mtu anakuja na karatasi anasema tuondoe kile mlichokiandika, na wewe ndiye uliyekiandika kwa lugha ya mashine, maelekezo ya prosesa moja baada ya jingine, bila msaada wa zana tulizonazo leo. Timu ndogo inakufa hapo mara nyingi kuliko kwenye kukosa fedha. Hawa hawakufa, na nadhani ni kwa sababu walishazoeana kwenye kazi tatu nne za nyuma: programa anajua kwamba kinachoondolewa leo hakikuondolewa kwa dharau.

Levo ya 1-1, ambayo ndiyo ya kwanza kwa kila mchezaji, ilitengenezwa mwishoni, walipokuwa tayari wanajua gemu yao ni nini. Uichunguze. Mario yuko kushoto, mbele yake pako wazi, kwa hiyo unakwenda kulia bila kuambiwa. Unaona tofali lenye alama ya kuuliza linametameta. Goomba anakuja taratibu. Ukimgonga unakufa, unaanza tena, umepoteza sekunde chache. Ukimruka, umeshajifunza kuruka, na huenda kichwa kikagonga tofali, sarafu ikatoka. Hatua chache mbele uyoga unachomoza, unateleza kulia, unaanguka, unagonga bomba, unakurudia. Kwa mgeni uyoga ule unafanana na adui, angependa kuukwepa. Lakini juu yako kuna matofali: ukiruka unagonga dari unaangukia pale pale ulipo uyoga. Unakuwa mkubwa. Umejifunza kitu muhimu kuliko vyote kwenye gemu hii kwa kulazimishwa, na unadhani umekigundua mwenyewe. Karibu na mwisho kuna ngazi mbili zinazotazamana, katikati yake sakafu. Mbele kidogo ngazi nyingine mbili za namna hiyo, katikati yake shimo. Mazoezi kwanza, mtihani baadaye. Huwezi kuibuni levo ya namna hiyo siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza hujui unafundisha nini.

Mwenzenu wa kinanda asidhani nimemsahau. Kondo alikuwa na chaneli nne za kufanyia kazi: mbili za mawimbi ya mraba, ambazo hubeba wimbo na sauti ya pili, moja ya pembetatu kwa besi, na moja ya kelele anayoitumia kama ngoma. Hakuna anayeimba, hakuna gitaa. Tena chaneli hizo hizo ndizo zinazotoa sauti za mchezo. Mario akiruka, sauti ya kuruka inaipokonya chaneli moja muziki kwa muda, halafu inairudisha. Sikiliza kwa makini utasikia wimbo unapungua nyama kila unaporuka. Wimbo wa majini, ule wa mwendo wa waltzi, ulimjia kwa urahisi. Wimbo wa ardhini, ambao leo hata asiyecheza gemu anaujua, ulimtesa. Alitunga, akauweka kwenye gemu, akaona haukubaliani na jinsi Mario anavyokimbia na kuruka, akauacha, akaanza upya. Alikuwa anatunga akiwa na pedi mkononi. Muda ukibaki chini ya 100 muziki unaongezwa kasi, ni wimbo ule ule, haukugharimu nafasi mpya. Sauti ya kuingia kwenye bomba na sauti ya Mario kugongwa akawa mdogo ni moja. Umezisikia mara elfu, hukushtuka.

Mwambie basi kazi yake inaanza siku gemu inapoanza kusogea, asingoje mpaka mwisho ndipo aombwe “tuwekee muziki”. Kosa hilo nimeliona kwa vikundi vingi vya vijana: muziki mtamu kabisa, haumhusu mtu anayekimbia kwenye skrini.

Sasa ule ugomvi wenu wa majina. Super Mario Bros. haina orodha ya waliotengeneza. Maliza levo ya 8-4, binti mfalme anakushukuru, anakwambia safari imekwisha na kuna nyingine, ubonyeze kitufe cha B. Hakuna Miyamoto, hakuna Nakago. Makampuni mengi ya wakati ule yalificha majina ya watu wao. Nakala zaidi ya milioni 40 zimeuzwa. Waliouza ni Nintendo, wenye haki ni Nintendo. Wale watano walikuwa na mishahara yao, na SRD mkataba wake. Baadaye dunia ilipotaka jina, ilimchukua mmoja, yule aliyekuwa anazungumza na waandishi wa habari, na ndiyo maana wewe ulimwambia mwalimu ni mtu mmoja. Miyamoto mwenyewe anapohojiwa kuhusu gemu hii huwataja wenzake, lakini vichwa vya habari havina nafasi ya majina matano. Nakago aliandika programu ya gemu ambayo huenda ndiyo iliyochezwa zaidi katika kizazi chake, na wewe, unayependa gemu kiasi cha kubishana na mwalimu, leo ndiyo umesikia jina lake.

Kwenu halina haja ya kuwa hivyo, kwa sababu hamna mwajiri. Yaandikeni majina manne kwa alfabeti, kila moja na kazi yake mbele, myaweke ndani ya gemu yenyewe, siyo kwenye tangazo lake tu. Hilo linamaliza swali la nani atangulie. Swali la nani anaamua ni jingine, na hapo msiwe na alfabeti: mchagueni mmoja mwenye neno la mwisho juu ya mchezo unavyochezwa, asiwe lazima programa, na mchague kabla hamjaandika chochote. Miyamoto alikuwa nalo neno hilo. Wengine walibishana naye, Tezuka alimletea Mario, lakini mwisho wa siku karatasi ilitoka mkononi mwake.

Kuhusu kuanza, msianze na gemu mnayoiota. Fanyeni kwanza ya skrini moja, isiyosogea, ya mtu anayeruka tu, muimalize kabisa, yaani mtu asiyewajua aweze kuicheza mpaka mwisho kwenye simu yake. Halafu ya pili yenye mandhari inayoteleza, mkitumia kuruka kule kule mlikokwisha kukurekebisha. Zana mnazo bure. Godot, programu ya kutengenezea magemu, haiwadai senti na inafanya kwa dakika kile ambacho Nakago alikifanya kwa wiki. Tatizo lenu litakuwa kinyume cha lao: nafasi haiishi, kwa hiyo hakuna wa kuwaambia basi. Jiwekeeni mipaka kwa makusudi. Mchoraji apewe idadi ya vigae, tuseme vile vile 256, na akivimaliza ndiyo basi. Levo chache. Adui mpya akitaka kuingia, mmoja atoke au atengenezwe kwa picha iliyopo. Na karatasi za grafu zinunueni kweli, hata kama programu ina sehemu ya kuchorea levo, kwa sababu karatasi wote wanne mnaiona kwa pamoja mezani, na asiyejua programu anaweza kushika kalamu akasema shimo hili lisogee.

Mwambie mwalimu wako kwamba kuhusu gemu kubwa za leo amesema kweli: zile za mamia ya watu ni za mamia ya watu, na nyie wanne hamtazifikia. Aulizwe tu kama anayo nafasi ya kuwa mtu wa kwanza kujaribu gemu yenu bila kuelezwa namna ya kucheza. Mkae nyuma yake, msiseme neno, muandike mahali anapokwama.

Mwisho, kabla ya yote hayo, andikeni makubaliano mafupi ya maandishi kuhusu nani anamiliki nini: picha, muziki, programu, jina la gemu, na mmoja akijitoa inakuwaje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hapa Tanzania inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na muziki na michoro zimo pia, kwa hiyo kila mmoja wenu ana haki kwenye kipande chake tangu siku anapokitengeneza. Gemu moja, wamiliki wanne, bila karatasi: siku mtu akija kuinunua mtashindwa hata kumjibu. Sainini wote, kila mtu abaki na nakala.